Neno Nililosema Ghalani

Siku tulipomzika Anjelina hapa Mbulumbulu walikuwepo hawa. Mimi Emiliana, mke wa kaka yake. Paskalina, mjane wa Margwe, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, niliyesoma naye elimu ya watu wazima. Sasa macho yake yamekwisha, aliongozwa mpaka kaburini ameshikwa mkono. Mwalimu Boay, aliyetufundisha darasa hilo akiwa kijana aliyetoka tu kumaliza la saba, leo ana mvi na anatembelea fimbo. Katekista Filipo, aliyeongoza ibada. Na viziwi tisa kutoka Karatu mjini, waliokuwa wakisali na Anjelina Jumapili katika miaka yake ya mwisho, wamekuja na binti aitwaye Neema ambaye yeye anasikia, na kazi yake ni kuwatafsiria kwa mikono. Mume wangu Tluway hakuwepo, alishatangulia, na mama mkwe wangu Martina alitangulia zamani zaidi, lakini nao nawahesabu, maana haya yalitokea nyumbani mwao.

Katekista Filipo alipofunga kitabu alisema, "Sasa tumsikie Mama Emiliana. Huyu ndiye aliyekuwa mdomo wa marehemu. Mungu hakumpa Anjelina sauti, akampa wifi." Watu wakaitikia kwa sauti moja, na Neema akawa anayapeleka maneno hayo kwa mikono, nikaona viziwi wale tisa wananitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mkunga aliyezalisha kijiji kizima. Nikasimama, nikakunja ncha ya kanga, nikakunjua. Nikasema, "Alikuwa mchapakazi," kisha nikakaa. Wakadhani uchungu umenikaba. Ni Paskalina peke yake, huyo asiyeona, aliyegeuza uso upande wangu akaguna. Ule mguno ndio ulionifanya ninunue daftari hili. Neema ameniambia siku hizi hatusemi bubu, tunasema kiziwi, nami nimekubali. Lakini humu nitaandika tulivyosema wakati ule. Nikipamba nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo, na ule wa kwanza umenitosha.

Mwaka ninaoutaka ni mmoja tu. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji, nyumba zimepangwa kwa mstari, na kila mtu mzima asiyejua kusoma aliandikwa jina akatakiwa kufika darasani alasiri. Darasa lilikuwa ndani ya ghala la ngano. Ubao ulikuwa mlango mbovu uliopakwa unga wa betri kuukuu, na watu walikaa juu ya magunia, mbele wenye watoto mgongoni, karibu na mlango wazee wenye makohozi. Haya nayajua kwa kusimuliwa, maana mwezi darasa lilipofunguliwa mimi nilikuwa ndani. Kwetu Wairaqw wakati ule, mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga alitengwa. Walisema si kwa ubaya, ni kulinda mbegu, maziwa na watoto wa wengine. Mimi nilizaa mtoto wa kiume, akaishi siku tatu. Nikawekwa kwenye kinyumba kilicho chini ya zizi, na chungu changu, kibuyu changu, na njia yangu peke yangu ya kuteremkia kijitoni. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe, na aliyekileta akishaondoka ndipo nilitoka kukichukua. Katekista wa wakati huo alikuja akasema hayo ni mambo ya kale, mama mkwe akamjibu, "Wewe kaa na Biblia yako, mimi nina ndama." Mume wangu alikuwa akipita mbali, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, anakohoa mara mbili ili nijue ni yeye. Huko kukohoa ndiko kulikokuwa mazungumzo yetu kwa miezi.

Hakuna aliyenisogelea, na wachache walithubutu kunisemesha hata kwa mbali. Lakini wazee waliopanga miiko hiyo hawakufikiria mikono. Wifi yangu Anjelina, ambaye hajapata kusikia kitu tangu utotoni na ambaye nyumba nzima, nami nikiwemo, ilimwita Bubu, alikuja akakaa juu ya ukuta wa zizi, hatua kama thelathini kutoka mlangoni kwangu, akaanza kunisimulia. Nilikuwa nimeolewa pale miaka minne, na kabla ya hapo mimi na yeye tulikuwa na maneno ya njoo, chukua, weka, basi. Sasa nilikuwa na njaa ya mtu. Nikajifunza haraka. Mama mkwe alikuwa vidole viwili puani, kwa ajili ya ugoro wake. Mwalimu Boay alikuwa mtu anayepandisha suruali, maana suruali yake ilikuwa ya kaka yake na haikumkaa. Paskalina alikuwa mkono unaofunguka na kufumba haraka kama mdomo wa kuku. Mimi nilikuwa kidole juu ya nyusi, mahali penye kovu langu. Kutoka ukutani pale Anjelina alinipa habari zote: nyati wametoka msituni wakakanyaga maharage ya fulani, fulani amempiga mkewe, mama mkwe ameanguka akiwa amebeba maziwa akalaumu mbwa. Nilicheka mpaka nikaona aibu kucheka, mama wa maiti. Yeye aliniona, akaweka mkono kifuani, akasubiri mpaka nimalize kulia, kisha akaendelea na habari ya mbwa.

Siku moja akaanza kupunga kidole hewani. Nikadhani anafukuza nzi. Akarudia, nikatikisa kichwa. Akaondoka kwa hasira, akarudi na kigae cha majivu yaliyochanganywa na maji, akaenda kwenye ukuta wa nyumba kubwa unaotazamana na mlango wangu, akaandika kwa herufi kubwa kama mbuzi: MAJI. Akainua kibuyu akamimina chini. Akaandika MAMA, akabana vidole puani. Kumbe alasiri zote hizo alikuwa ghalani. Hakuandikwa jina, alifuata wanawake tu akakaa nyuma juu ya gunia, na Mwalimu Boay akamwacha. Vitabu vyetu vilikuwa na picha, neno chini ya picha. Sisi tulikuwa na mzigo mara mbili, kujifunza kusoma na kujifunza Kiswahili chenyewe, maana wengi tulikuwa na Kiiraqw tu. Yeye hakuwa na lugha ya kumchanganya. Aliona ng'ombe, akaona neno, akalishika. Basi kila alipotoka darasani aliyaleta ukutani. Mama mkwe alipiga kelele, "Huyu Bubu ananipakia nyumba upele!" Mvua ikinyesha maneno yanafutika, kesho yake anaandika mengine. Mimi kwenye kizingiti changu nikawa nayafuata kwa kijiti mavumbini. Nilipotolewa ndani na kunyolewa na kuruhusiwa kugusa watu, nilikuwa nasoma. Hakuna aliyejua isipokuwa Anjelina.

Ningeweza kuishia hapo, nikafurahi. Nilikwenda ghalani siku ya kwanza nimejipaka mafuta, nikakaa karibu naye, na Mwalimu Boay kwa wema wake akasema, "Mama Emiliana umechelewa kuanza, mwangalie Anjelina anavyofanya." Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akimwita kwa jina. Aliposahihisha madaftari aliandika chini kwa penseli nyekundu, Ameelewa, au Haelewi. La Anjelina lilikuwa limejaa Ameelewa. La Paskalina lilikuwa na Haelewi tangu jalada mpaka jalada. Paskalina akaegemea gunia, akasema kwa Kiiraqw ili mwalimu mdogo aone haya kuingilia, "Loo, Emiliana! Sisi tunafundishwa na mtoto, wewe unafundishwa na bubu. Ukimaliza utakuwa na cheti cha kunyamaza!" Ghala zima likacheka, hata mzee Daqaro ambaye alikuwa amesinzia mlangoni aliamka akacheka bila kujua cha kucheka. Nikahama gunia. Nikakaa upande wa pili, nikajifanya sijui herufi, nikaanza upya pamoja na wajinga wenzangu, m-a ma, m-a ma. Anjelina alinitazama akiwa ameinua nyusi. Nikamwonyesha kwamba pale kuna baridi ya mlango. Nilikuwa nimemkana kwa ajili ya mzaha wa nusu dakika, na bado lile kubwa halijafika.

Tukiwa tumeshavuna ngano, Mwalimu Boay alimwandikia barua mratibu wa elimu ya watu wazima. Hakutuambia mpaka jibu liliporudi. Katika shule moja ya watoto viziwi, mbali, safari ya siku mbili kwa gari, walikuwa wanatafuta mwanamke mzima asiyesikia, anayejua kusoma kidogo, akae bwenini na watoto. Darasani watoto wale walifundishwa kutamka kwa midomo, lakini bwenini walisemeshana kwa mikono, na mtoto akiumwa au akiogopa hakuna mkubwa aliyemwelewa. Huyo mwanamke angejifunza mikono yao, na baadaye angerudi kuwaanzishia watoto wa Karatu, maana walikuwepo, wamefichwa majumbani. Mwalimu Boay akaniomba mimi nimweleze Anjelina. Nilimweleza tukichambua maharage. Watoto, nikamwonyesha. Masikio hakuna. Mikono. Akaacha ungo. Akauliza, mmoja? Nikamwonyesha, wengi. Akauliza tena, akavishika vidole vyangu akavihesabu, akaniangalia usoni kuona kama namtania. Alikuwa mtu mzima, na katika maisha yake yote hakuwa amekutana na mtu mwingine aliye kama yeye. Alidhani yuko peke yake duniani. Siku ya wageni alifua gauni lake la bluu, akaazima kitambaa changu cha kichwa, akakaa mbele ghalani badala ya nyuma.

Wageni walikuwa wawili. Bwana Lazaro, huyo mratibu, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na mwalimu wa kike wa shule ile, Mwalimu Foibe. Bwana Lazaro akaandika ubaoni: Jina lako nani? Anjelina akasimama, akachukua chaki, akaandika jina lake. Watu wakasema aaa! Bwana Lazaro akaandika: Unaishi wapi? Sasa hilo hatukuwa tumelifikia, neno wapi halikuwa na picha. Anjelina akafikiri. Kisha, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mratibu mwenyewe, akaandika chini yake: Unaishi wapi. Bwana Lazaro akakuna kidevu. "Jina mtu anaweza kulikariri," akasema. "Nataka kujua, huyu anaelewa au anachora?" Mwalimu Boay akasema anaelewa. "Wewe ni mwalimu wake, lazima useme hivyo. Nani anaishi naye?" Ghala zima likanigeukia. "Haya mama, wewe ndiye wifi yake. Anaelewa anachokiandika?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulipima swali lile. Kusema anaelewa kulitaka niseme nimejuaje, na jibu lilikuwa moja tu, kwamba mimi nasoma, na yeye ndiye aliyenifundisha. Paskalina alikuwa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Mjibie mwalimu wako." Nikasikia watu wawili watatu wanabana kicheko. Hilo ndilo la kwanza. La pili, nilijua akienda nitabaki na mama mkwe, na kazi, na nyumba isiyo na mtu wa kunisimulia habari za mbwa. Nikijaribu kuyatenganisha haya mawili lipi lilinisukuma, nayaona yameshikana kama uji ulioganda. Nikasema, "Anachora tu, mwalimu. Hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea anayachora hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Na Anjelina, alipoona watu wote wamefurahi na wananitazama mimi na yeye, akacheka pia. Aliweka kidole kwenye nyusi, jina langu, akawaonyesha wageni. Alidhani nimemsifu.

Mwalimu Foibe hakuridhika. Akachuchumaa mbele yake, akafanya ishara za mikono ya shuleni kwao, ambazo Anjelina hakuwa ameziona kamwe, nazo hazikufanana na zetu. Anjelina akafanya alilolifanya siku zote alipokwama, akanigeukia mimi. Mwalimu Foibe akasema kwa upole, "Mama, nisaidie. Muulize kama angependa kuishi na watoto." Nilikuwa naweza kuuliza kwa ishara tatu za mikono yangu, swali ambalo angelijibu kwa kuruka. Sakafuni palikuwa na punje za ngano zilizokanyagwa. Nikaziangalia, nikasema, "Mambo ya mbali hivyo haelewi." Mwalimu Boay akaita, "Mama Emiliana!" Basi. Alikuwa kijana, mimi mke wa mtu, na mzee Daqaro alishamkazia macho. Bwana Lazaro akaandika kitu kwenye daftari la mahudhurio, wakanywa chai kwa mwenyekiti, wakaondoka. Anjelina alilipungia gari mkono mpaka vumbi likaisha.

Kwa wiki nyingi aliniuliza. Alishika usukani wa hewa, akafungua viganja: gari, lini? Nami nikamjibu, bado. Tukiteka maji, lini? Bado. Tukipanda maharage, lini? Bado. Mpaka siku moja Mwalimu Boay alimwachia afagie ghala, na daftari la mahudhurio lilikuwa juu ya meza. Alirudi nyumbani adhuhuri nikiwa napika makande. Mama mkwe hakuwepo. Akachuchumaa mbele ya mafiga, akayatandaza majivu kwa kiganja, akaandika kwa kidole: ANJELINA HAELEWI. Neno lile alilijua, alikuwa ameliona mara ngapi kwenye daftari la Paskalina. Akaniangalia. Chini yake akaandika: NANI SEMA.

Yaani mtu niliyesema hawezi kusoma alikuwa amesoma kwamba hawezi kusoma. Na maneno aliyoniandikia niliyaelewa yote, kwa macho aliyonipa yeye. Nikamwangalia. Nikagusa macho yangu, nikatikisa kichwa, nikainua viganja. Sijui kusoma. Akabaki amechuchumaa muda ambao makande yalichemka yakaanza kumwagika. Kisha akayafuta majivu, akanisogezea mwiko niwahi chungu, akatoka. Hakuacha kunisemesha. Tuliishi boma moja hadi kufa kwake, tulilea watoto wangu pamoja, na akisema na daktari au na mwenyekiti au na padri alisema kupitia kwangu, nami nilitafsiri kila kitu kwa uaminifu mkubwa, nikiongeza hata asichosema ili aonekane mwenye akili. Watu walikuja kuniona mimi ni daraja. Lakini neno la kuandika, hata herufi, hakuniandikia tena. Ghalani hakurudi. Mimi niliendelea, nikapewa cheti, Paskalina akapewa mwaka uliofuata. Alipofika uzeeni ndipo viziwi wa mjini walipomgundua kanisani, akawa anapanda gari kila Jumapili kwenda kwao, amevaa vizuri, na mimi nabaki.

Tuliporudi kutoka makaburini siku ile, tukila, mmoja wa wale viziwi, fundi cherehani anaitwa Rehema, alikuja kukaa kando yangu na Neema. Akasema kwa mikono, Neema akatamka: "Anasema marehemu alikuwa akiwasimulia kwamba zamani alikuwa na mwanafunzi. Mmoja tu. Mwanafunzi huyo alikuwa amefungiwa, na yeye alimwandikia ukutani kwa majivu, akafaulu kusoma yote. Alikuwa akijivunia sana. Anauliza, ni wewe?" Nikaweka kijiko chini. Basi kule kujifanya kwangu ghalani hakukumdanganya, siku zote alijua nasoma. Aliponiona nikiinua viganja mbele ya mafiga alijua, na jibu la swali lake alikuwa amelipata pale pale. Nikamwambia Neema, "Mwambie ni mimi." Rehema akatabasamu uso mzima, akainua mikono yote miwili juu na kuitikisa, vidole vikiwa wazi, na wenzake wote kwenye mabenchi wakainua yao. "Wanakupigia makofi, bibi," akasema Neema.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Paskalina, utasomewa haya. Mwalimu Boay, utayasoma mwenyewe. Tuliobaki wa ghala lile ni wachache, nisahihisheni. Huenda nimekosea rangi ya gauni, au aliyekaa mlangoni si mzee Daqaro bali ndugu yake. Huenda Mwalimu Foibe aliniuliza mara mbili nami nimeandika mara moja. Na kama yupo kati yenu aliyenisikia nikianza kusema anaelewa, hata nusu ya neno, kabla sijasema lile nililosema, naomba aje aniambie. Mimi nimelitafuta kwa miaka mingi, na sijaliona.